Papwa Sewgolum: Bingwa Aliyepewa Kombe Mvuani

Michezo mingi tuliyoletewa na Waingereza imekwisha kuwa yetu. Kandanda ilitoka kwenye kambi za askari ikaingia mitaani, na hakuna mtaa usiokuwa na watoto na mpira wao wa matambara. Kriketi ilichukuliwa na Wahindi, wakawatia adabu walimu wao. Gofu peke yake ndiyo iliyokaa muda mrefu nyuma ya ua, kwa kuwa gofu ni mchezo wenye ardhi: hutaka mapande ya nchi, nyasi za kumwagiliwa maji, jumba la kupumzikia, na bawabu wa kuuliza wewe ni nani. Wakaazi wa Mombasa wanaokwenda Ras Serani jioni kupunga upepo wanaujua uwanja ule wa tangu 1911, bahari imeukabili na mibuyu haiko mbali. Wazee wetu wanakumbuka zama ambazo mtu mweusi aliingia mle kwa njia moja tu, nayo ni kubeba mfuko wa fimbo za mtu mwengine.

Habari nitakayoisimulia leo ni ya mmoja katika wabeba mifuko hao, ingawa si wa kwetu. Ni wa Durban, bandari iliyo juu ya bahari hii hii yetu, huko kusini kabisa. Jina lake Sewsunker Sewgolum, walakini ulimwengu ulimjua kwa jina la Papwa. Alikuwa Mhindi, Baniani kwa dini, maskini kwa hali, na hakujua kusoma wala kuandika. Alichukua ubingwa wa gofu wa Uholanzi mara tatu. Nyumbani kwake alikabidhiwa kombe huku mvua ikimnyeshea, na waliokuwa wakimkabidhi wakiwa na jumba zuri nyuma ya migongo yao.

MTOTO WA RIVERSIDE

Wahindi wa Natal walifika Durban kwa merikebu iitwayo Truro mwezi wa Novemba 1860, miaka zaidi ya thelathini kabla ya ndugu zao kuletwa Mombasa kujenga reli. Hawakuja kwa reli wao. Walikuja kwa miwa. Walifungwa kwa mikataba ya miaka mitano mitano, wakalima na kukata miwa ya wenyewe, na mikataba ilipokwisha wengi walibaki. Wakapanda mboga, wakavua samaki, wakauza matunda, wakafanya kazi za mahotelini na za majumbani. Katika kizazi cha watu hao ndimo alimozaliwa Papwa, baina ya vile vita vikuu viwili, mahali panapoitwa Riverside.

Riverside si jina geni kwa baadhi ya Waislamu wanaofuata habari za mashekhe wa Bara Hindi. Ni ukingo wa kaskazini wa Mto Umgeni, pale unapokaribia kuingia baharini, na ndipo alipopiga kambi Shah Ghulam Mohammed, maarufu kwa jina la Soofie Saheb, aliyefika Durban mwaka 1895. Alijenga hapo msikiti, madrasa na nyumba ya mayatima, na alipofariki mwaka 1911 akazikwa papo hapo. Waislamu na Mabaniani walikaa Riverside kwa ujirani, kila mtu na kibanda chake na kiunga chake cha mboga. Baadaye Makaburu walipoitunga ile sheria yao ya kugawa mitaa kwa rangi, mwaka 1950, watu wa Riverside walihamishwa wakapelekwa mbali na mto, na mtaa ukafanywa wa Wazungu. Msikiti na kaburi la shekhe havikuguswa. Watu ndio walioguswa.

Lakini hayo yalikuwa bado, Papwa alipokuwa mtoto. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na uwanja wa gofu wa Beachwood, uliokatwa katika vichaka vya ufukweni, mchanga na upepo tele. Kijana wa Kihindi asiyekuwa na skuli wala urithi angeweza kupata senti pale kwa kuwa kedi, yaani mbeba fimbo. Kedi huamka alfajiri, akakaa nje ya uwanja na wenzake kungoja kuitwa, kisha akatembea maili nne au tano na mzigo begani akimfuata bwana. Kazi yake hasa si kubeba. Kedi mzuri huona mpira unapoangukia, hujua mchanga ulipo, huonja upepo, humwambia bwana fimbo ipi inafaa kwa masafa yaliyobaki. Kwa hivyo kedi hujifunza mchezo wote kwa macho kabla hajaugusa kwa mikono. Mimi nafananisha na mtoto wa chuoni anayekaa mwisho wa jamvi: hajaitwa kusoma, lakini sura imekwisha kumwingia kwa kusikia wenzake.

Papwa alianza kupiga kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, ufukweni, miguu mitupu. Hakuna mwalimu aliyemfunza namna ya kushika fimbo, na hapa ndipo lilipozuka jambo lililowashangaza mafundi wote wa gofu duniani.

Mchezaji wa mkono wa kulia huishika fimbo hivi: mkono wa kushoto juu, karibu na ncha ya mpini, na wa kulia chini yake. Ndivyo vitabu vyote vinavyofunza, na ndivyo maungo ya mtu yanavyoelekea. Papwa alisimama kama mtu wa mkono wa kulia, lakini mikono aliipindua: wa kulia juu, wa kushoto chini. Jaribu, msomaji, kwa kushika ufagio. Utaona mikono inavyopingana kama mafahali wawili zizini. Mafundi walimwona wakasema mtu huyu hatafika popote. Yeye alikuwa amekwisha kufika. Mwaka 1946, bado kijana mbichi, alishinda mashindano ya Natal ya watu wasiokuwa Wazungu, na tangu hapo hakuna aliyeulizwa tena maana ya mikono yake. Mshiko ule mpaka leo wachezaji huuita kwa jina lake.

UPEPO NA VILIMA

Ng'ambo ya pili ya Mto Umgeni, upande wa kusini wa mdomo wake, upo uwanja mwengine, na huo ndio uwanja mkubwa katika habari yetu. Waitwa Durban Country Club. Ulifunguliwa mwaka 1922 kwa ajili ya Wazungu matajiri wa mji ule, na mmoja katika walioupima na kuuchora ni Laurie Waters, Mskochi wa St Andrews aliyekwenda Afrika Kusini na fani yake. Mskochi yule aliona mahali pale akajua amepata kitu. Kwani asili ya gofu ni vilima vya mchanga vya pwani ya Skochi, na hapa palikuwa na vilima vya mchanga vilivyofunikwa na msitu wa joto, bahari imo pembeni, na upepo haulali.

Nimesema upepo haulali, na msomaji wa pwani hataki kufafanuliwa upepo ni nini. Ila kwetu kaskazi na kusi hupeana zamu kwa miezi, na nahodha alijua msimu wake. Durban hupeana zamu kwa siku. Leo unavuma kutoka kaskazini-mashariki, kesho kutwa umegeuka ghafla unatoka kusini-magharibi na mvua nyuma yake. Kwa mchezaji wa gofu maana yake ni kuwa uwanja ule ni nyanja mbili. Shimo lililokuwa fupi jana kwa kusukumwa na upepo, leo limekuwa refu. Mpira uliopigwa juu vizuri hupanda ukafika kileleni, kisha upepo ukaushika kama tiara lililokatika uzi, ukautupa kichakani.

Na vilima navyo vina hila yake. Katika shimo la tatu mchezaji hupanda juu ya tuta la mchanga, akatazama chini, akaona ujia mwembamba wa nyasi umebanwa na vichaka kulia na kushoto, mrefu kama barabara. Aliye juu humpata upepo wote kifuani. Mpira ukishaondoka haurudi kwa majuto. Kwengineko ardhi imejikunja mawimbi mawimbi, na mpira hata ukianguka pazuri huenda ukatulia mteremkoni, mchezaji akasimama mguu mmoja juu na mmoja chini kama mtu anayepanda ngalawa. Shimo la kumi na mbili ni fupi, mtoto angeweza kulifika kwa mpigo mmoja. Lakini lengo lake limewekwa juu ya mgongo wa kilima, na mpira ukikosa kidogo huteremka upande huu, ukapigwa ukapita ukateremka upande wa pili. Shimo hilo hupewa jina la Prince of Wales. Mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuitwa Edward wa Nane akakiacha kiti kwa ajili ya mwanamke, alilicheza katika miaka ya 1920 akapiga mipigo zaidi ya kumi, akipanda na kushuka na kilima.

Uwanja wa namna hiyo haumpendelei mwenye nguvu. Humpendelea mwenye subira, ajuaye kuupiga mpira chini chini upite chini ya upepo, na ajuaye kukubali kuwa siku nyengine kupoteza mpigo mmoja ni faida. Papwa alikuwa mtu wa hivyo. Mwili wake haukuwa mkubwa. Mipigo yake mirefu haikuwa ya kutisha. Karibu na shimo ndipo alipokuwa mwalimu, pale nyasi zinaponyolewa zikawa kama zulia na mpira husukumwa kwa upole. Tena alikuwa mtulivu, mwenye haya, na walioandika habari zake wamesifu upole huo kwa pamoja. Wengine walidhani upole huo ni woga.

MFUKO WA BWANA WULFF

Katika watu ambao Papwa aliwabebea mifuko alikuwako Graham Wulff, mkemia Mzungu wa Durban. Ndiye aliyebuni, mwaka 1952, mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, ambayo baadaye yalifika katika meza za kujipambia za wanawake wa kila nchi. Wulff alimwajiri Papwa katika kiwanda chake kutayarisha chupa. Mtu huyu hakuwa mwanasiasa, bali alikuwa na macho, na macho yake yalimwambia kuwa kedi wake anacheza kuliko mabwana wote wa klabu. Mwaka 1959 akampakia katika ndege ndogo, wakakata bara zima la Afrika mpaka Ulaya, ili Papwa apate kucheza na watu waliokuwa tayari kucheza naye.

Fikiri safari hiyo. Mtu hajui herufi moja, na anakwenda kushindana katika mchezo ambao sheria yake humtaka kila mchezaji, baada ya kila duru, aikague kadi ya hesabu ya mipigo yake na kuitia sahihi. Kosa moja katika kadi huweza kumtoa mtu mchezoni hata akiwa wa kwanza. Fomu zilijazwa na wengine. Kupiga mpira alipiga mwenyewe. Na mwaka huo huo wa 1959 akashinda Dutch Open, mashindano ya wazi ya Uholanzi.

Qadari ina mizaha yake. Uholanzi ni nchi walikotoka babu zao Makaburu, na lugha ya Makaburu ni mtoto wa Kiholanzi. Ubingwa wa nchi ya mababu ukachukuliwa na kedi wa Kihindi ambaye wajukuu hawakumruhusu kukaa nao benchi moja. Mwaka ule ule Gary Player, kijana Mzungu wa Afrika Kusini, alishinda mashindano makubwa ya Uingereza huko Muirfield. Wana wawili wa nchi moja walirejea kila mmoja na ushindi wake. Mmoja aliingia katika klabu yoyote aliyoitaka. Wa pili alipokewa na Wahindi wa Durban kwa furaha kubwa, kisha akarudi mtaani kwake.

Mwaka 1960 akaenda tena Uholanzi akashinda tena. Sasa wakubwa wa gofu wa Afrika Kusini walikuwa na aibu mkononi ambayo hawakujua pa kuiweka. Mwaka 1961 aliruhusiwa kuingia katika mashindano makuu ya nchi yake, lakini kwa kibali. Neno kibali msomaji alishike, maana ndilo linaloendesha habari yote iliyobaki. Kibali kilimruhusu kukanyaga nyasi. Hakikumruhusu kuingia katika jumba la klabu. Wenzake walibadili nguo ndani, wakala na kunywa ndani, wakajificha mvua na jua ndani. Yeye alibadili nguo nje, akala chakula chake nje, akangoja zamu yake nje.

SIKU YA MVUA

Mwaka 1963 mashindano ya Natal Open yalifanyika katika Durban Country Club, katika vile vilima na ule upepo niliousifu. Papwa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, amekamilika katika fani yake. Uwanja ule alikuwa hakuruhusiwa kuufanyia mazoezi kama wenyewe, lakini hewa yake alikuwa ameivuta tangu utotoni kutoka ng'ambo ya mto. Kila upepo uliogeuka alikuwa amekwisha kuupata Beachwood. Duru nne zilipokwisha, Wazungu wote walioshiriki walikuwa nyuma yake.

Mvua ikaanza. Ada ya mashindano ni kuwa mshindi hukabidhiwa kombe, na mbele ya jumba lile palikuwa na mahali pakavu pa kutosha watu wote. Lakini sheria ya Makaburu haikutaka Mhindi aingie katika jumba la Wazungu mahali panapouzwa vileo, na wenye klabu walishika sheria, au walijificha nyuma ya sheria. Basi kombe likatolewa nje. Papwa akasimama mvuani, nywele na shati vimemganda mwilini, akapokea zawadi ya kuwashinda wote, akashukuru, akaondoka. Masimulizi ya siku ile yameongezwa chumvi kwa miaka. Wapo wasemao alipewa dirishani, na wenye klabu nao wana maelezo yao. Haina haja ya chumvi. Picha ipo: mtu amelowa, ameshika kombe.

Picha hiyo ilivuka bahari kuliko mpira wowote wa Papwa. Magazeti ya nchi nyingi yaliichapisha. Watu ambao hawakuweza kufuata vifungu vya sheria za ubaguzi, wala hawakujua tofauti ya kifungu hiki na kile, waliiona wakaelewa mara moja. Kwani mvua ni jambo ambalo kila mtu amewahi kulikimbia, na hakuna dini wala kabila lisilojua kuwa mgeni akinyeshewa hukaribishwa barazani, sembuse mshindi.

Wiki chache baadaye katika msimu ule ule, uwanjani humo humo, yalichezwa mashindano makuu ya Afrika Kusini. Papwa alikuwa wa pili, nyuma ya Retief Waltman kwa mpigo mmoja tu. Waltman huyu naye ana habari yake: muda si mrefu baadaye aliacha gofu na fedha zake zote akaenda kuitumikia dini yake. Na mwaka huo huo katika mashindano ya Uingereza, huko Royal Lytham, mahali penye upepo wa bahari mbaya kuliko Durban, Papwa alimaliza miongoni mwa ishirini bora.

Mwaka 1963 ulikuwa mzito kwa michezo ya Afrika Kusini, na Kenya ilitia mkono wake. Kamati ya Olimpiki ya dunia ilikuwa ikutane Nairobi mwezi wa Oktoba. Kenya, iliyokuwa imebakiza wiki chache tu kupata uhuru, ilikataa kuwapa ruhusa ya kuingia wajumbe wa Afrika Kusini. Mkutano ukahamishiwa Baden-Baden, Ujerumani. Mwaka uliofuata Afrika Kusini haikwenda Tokyo. Na aliyekuwa mbele katika kampeni ile alikuwa mshairi, Dennis Brutus, ambaye mwaka 1963 polisi walimpiga risasi katika njia ya Johannesburg akijaribu kuwakimbia, akapona, akapelekwa kuvunja mawe katika kisiwa cha Robben. Sisi wenye kutunga beti hukumbuka hilo kwa fahari kidogo.

KUINAMA AU KUTOINAMA

Hapa pana neno gumu, na sitalikwepa. Wako watu katika harakati za Afrika Kusini waliomlaumu Papwa. Walisema mtu anayecheza kwa kibali amekikubali kibali, na anayekula nje ya jumba kwa hiari yake anaufanya uonevu uonekane jambo la kawaida. Afadhali asicheze kabisa mpaka milango yote ifunguliwe kwa wote. Hoja hiyo ina nguvu, na baadaye ndiyo iliyokuja kuwa msimamo wa nchi nyingi, pamoja na yetu.

Lakini huyu alikuwa mtu wa mke na watoto, hana elimu ya kumpatia kazi nyengine, na Mola alimpa kipawa kimoja. Mwanazuoni hufungiwa vitabu akabaki na aliyoyahifadhi. Mshairi hunyang'anywa kalamu akatunga kichwani. Mchezaji wa gofu asiyekuwa na uwanja hana kitu. Miaka yake ni michache, kisha mgongo hukataa. Mimi naona kuwa kucheza kwake kulifanya kazi ambayo kujitenga kwake kusingeifanya, maana kama asingekuja siku ile Durban Country Club, isingekuwako picha. Serikali yenyewe iliona hivyo. Ndiyo maana haikumshukuru kwa upole wake, ilimfungia.

Hilo lilikuja baada ya ushindi wa 1965. Mwaka 1964 alikuwa amekwenda Uholanzi akachukua ubingwa kwa mara ya tatu. Aliporudi, mwaka 1965, aliingia tena katika Natal Open, na safari hii Gary Player mwenyewe alikuwamo, bingwa aliyekuwa amekwisha kushinda Uingereza na Marekani, ambaye miezi michache baadaye angechukua na US Open. Papwa alimshinda. Kedi wa Riverside, mikono imepinduka, alimshinda mtu ambaye Afrika Kusini ilikuwa ikimtembeza duniani kama ushahidi wa ubora wake.

Kumshinda Mzungu wa kawaida kulikuwa fedheha ya kuvumilika. Kumshinda Player hakukuvumilika. Vibali vikakauka. Kufikia 1966 Papwa alikuwa amepigwa marufuku kushiriki mashindano ya Wazungu, na kwa sheria zile zile hakuruhusiwa hata kuingia kutazama wengine wakicheza. Pasipoti yake nayo ikachukuliwa, akawa hawezi tena kwenda Uholanzi wala kwengineko. Mwaka huo huo Player alitoa kitabu ambamo aliitetea siasa ya nchi yake. Miaka mingi baadaye aliyajutia hadharani aliyoyaandika, na yeye ndiye aliyemwalika Lee Elder, Mmarekani mweusi, kuja kucheza Afrika Kusini mwaka 1971. Walioona Mmarekani akikaribishwa katika nyanja walizofungiwa wenyeji waliona mengi siku hiyo.

Papwa alibaki Durban. Alicheza katika nyanja duni walizoachiwa wasiokuwa Wazungu, akafunza vijana, fedha zikampungukia. Miaka ambayo mchezaji wa gofu huvuna, baina ya thelathini na tano na arubaini na tano, kwake ilipita hivyo. Alifariki mwaka 1978 kwa ugonjwa wa moyo, hajatimiza miaka hamsini. Hakuiona siku ambayo milango ilifunguliwa. Sheria ya kugawa mitaa ilifutwa mwaka 1991, na uchaguzi wa watu wote ukawa mwaka 1994.

Uwanja wa Beachwood, alipoanzia kubeba mifuko, baadaye uliunganishwa na ile ile Durban Country Club ya ng'ambo ya mto, klabu moja nyanja mbili. Na juu kidogo, kwenye vilima vya Reservoir Hills ambako Wahindi wengi walikaa, manispaa ya Durban ilikuwa na uwanja wake wa gofu wa watu wote, na uwanja huo ulipewa jina la Papwa Sewgolum. Hauna bahari mlangoni. Una miteremko ya kuchosha magoti, na chini yake unapita Mto Umgeni, ukiteremka kuelekea Riverside, ukapita msikiti wa Soofie Saheb, ukaingia baharini baina ya Beachwood na Durban Country Club.